Kukausha Bila Kubomoa

Kutu haina mwenyewe. Tunaikwangua kwenye geti, tunaifunika kwa rangi, tunailaumu kwa kutoboa bati. Ni oksidi ya chuma tu. Lakini wapo wanakemia wanaoitengeneza oksidi hiyohiyo kwa makusudi, kwa kazi ya siku nyingi, na wakimaliza huwa wameshika kipande chepesi cha rangi ya hudhurungi ambacho gramu moja yake ina uso wa zaidi ya mita za mraba 300. Uso huo huwezi kuuona kwa macho kwa sababu umo ndani, kwenye kuta za vitundu ambavyo upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Silika, ambayo hutengenezwa kwa njia zilezile, huenda mbali zaidi. Erojeli yake, yaani jeli iliyokaushwa bila kusinyaa hadi ikajaa hewa, ikitengenezwa vizuri hufika mita za mraba 800 kwa gramu, na gramu tano zake zina uso unaokaribia ekari nzima.

Naipenda kazi hii kwa jinsi inavyotaka subira. Karibu kila hatua yake ni kungoja, na kila kungoja kuna sababu yake inayoeleweka.

Tuanze na hesabu. Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande. Una nyuso sita, jumla sentimita za mraba 6. Ukate wote uwe michemraba midogo yenye upande wa nanomita 10, nyuso zake zikijumlishwa zinafika mita za mraba 600. Hujaongeza kitu hata chembe. Kilichotokea ni kwamba atomu nyingi zilizokuwa zimezikwa ndani sasa ziko nje, na atomu iliyo nje ndiyo yenye kazi: hiyo ndiyo inayodaka gesi, ndiyo inayonasa floridi iliyomo kwenye maji ya kunywa, ndiyo inayozipa molekuli mbili mahali pa kukutana na kubadilishana atomu. Ile ya ndani kazi yake ni kuibeba ya nje.

Shida ni kwamba hakuna kisu cha kukata hivyo. Hata kusaga hakusaidii sana, maana unga ukishakuwa laini kupita kiasi, chembe zake huanza kung'ang'aniana na kurudi kuwa mabonge. Kwa hiyo mwanakemia anaanzia upande wa pili. Anayeyusha chumvi ya metali mpaka kila atomu inaelea peke yake, kisha anaziunganisha taratibu, chache chache, mpaka kimiminika chote kinakuwa na mifupa ya oksidi ndani yake. Njia hii huitwa soli-jeli, na mizizi yake iko Ufaransa katika miaka ya 1840, pale Jacques-Joseph Ebelmen, mwanakemia aliyekuja kukisimamia kiwanda cha kauri cha Sèvres, alipotengeneza kiowevu kutokana na kloridi ya silikoni na alkoholi na kukuta kwamba, kikiachwa kwenye hewa yenye unyevu, kinageuka polepole kuwa kitu kigumu kinachopitisha mwanga. Hakukipika wala hakukiyeyusha kwenye tanuri. Unyevu wa hewa ulifanya kazi yote.

Nataka nikae kidogo kwenye oksidi ya chuma, kwa sababu hapo ndipo ustadi unapoonekana waziwazi.

Yeyusha nitrati ya chuma katika etanoli, utapata kiowevu cha rangi ya chungwa iliyokolea. Sasa unataka atomu za chuma ziungane kwa daraja za oksijeni, na kwa hilo lazima uasidi upunguzwe. Mtu mwenye haraka atamimina amonia, au ile kostiki wanayotumia watengeneza sabuni. Papo hapo patatokea tope la kahawia na kuzama chini ya chupa. Kosa ni kwamba pale tone lilipoangukia uasidi umekwisha kabisa, na hatua mbili pembeni bado haujaguswa. Chuma cha pale kimeungana chote kwa pupa na kuwa madonge. Cha pembeni hakijapata habari.

Mwaka 2001 Alexander Gash na wenzake wa maabara ya Lawrence Livermore, California, walichapisha njia ya kuikwepa pupa hiyo. Badala ya kostiki walitia propilini oksidi, molekuli ndogo yenye pete ya atomu tatu, kaboni mbili na oksijeni moja. Pete hiyo imejikunja kwa mkazo na inatafuta nafasi ya kufunguka. Katika kiowevu kile, kila atomu ya chuma imezungukwa na molekuli za maji, na inazivuta kwa nguvu kiasi kwamba ziko tayari kuachia protoni. Propilini oksidi inaichukua protoni moja, pete inakatika, na ikishakatika hairudi tena kama ilivyokuwa. Protoni imeondoka moja kwa moja. Chuma kimebaki na mkono mtupu, kinamshika jirani. Na kwa kuwa propilini oksidi imeshachanganyika kila mahali kabla haijaanza kazi, uasidi unashuka polepole na kwa usawa katika chupa nzima, kwenye pembe na katikati kwa wakati mmoja.

Ukiwa hapo utaona rangi ikikolea, kutoka chungwa kwenda wekundu wa kiza. Chupa inapata joto mkononi. Baada ya dakika chache unaiinamisha na kilichomo hakitiririki. Sehemu kubwa mno ya jeli hiyo bado ni kiowevu kilekile, lakini kimenaswa, na ukiinua chupa mbele ya dirisha mwanga unapenya ukiwa mwekundu. Kupenya huko kwa mwanga ni ushahidi mzuri kwa fundi: chembe zilizoungana ni ndogo sana, hazijawa madonge ya kuutawanya mwanga. (Asijaribu mtu haya jikoni kwake. Propilini oksidi inachemka kwenye nyuzi 34 tu, inashika moto upesi na inashukiwa kusababisha saratani. Hutiwa kidogokidogo, chini ya kabati linalovuta hewa nje.)

Anayeanza hudhani kazi imekwisha hapo. Ndiyo kwanza imeanza.

Jeli changa ni dhaifu. Chembe zake zimegusana kwa ncha tu, na pale zinapogusana ni pembamba mno. Kwa hiyo inafunikwa isikauke na kuachwa siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Katika kimya hicho kuna mengi yanayoendelea. Oksidi kidogo inayeyuka kutoka kwenye migongo ya chembe, mahali palipobinuka nje, na kuja kujijenga kwenye zile shingo nyembamba, mahali palipobonyea. Hakuna aliyeiamuru, ndivyo maada inavyofanya ikiachwa, hujaza mabonde kwa kumomonyoa vilima. Shingo zinanenepa, mifupa inapata nguvu. Jeli inajikaza kidogo na kutoa jasho la kiowevu juu yake. Ukiiruka hatua hii, utalipa mbele.

Halafu maji lazima yatoke. Jeli inazamishwa katika etanoli safi, kesho etanoli inamwagwa na kuwekwa nyingine, na keshokutwa tena. Hapa sheria ni kali: muda wa kupenya unakua kwa mraba wa unene. Kipande chenye unene maradufu kinataka muda mara nne. Hakuna namna ya kukikoroga kwa ndani, na ukikipasha joto sana unaharibu ulichojenga. Ndiyo maana maabara nyingi hutengeneza vipande vyembamba, na ukiona kipande kinene kisicho na ufa, jua kuna mtu aliyebadilisha etanoli kwa siku nyingi bila kukata tamaa.

Sasa tufike kwenye kukausha, ambako kazi nzima inaweza kuharibika kwa saa moja.

Kila mtu ameona tope la bwawa lililokauka kiangazi, lilivyosinyaa na kupasuka vigae vigae. Jeli iliyoachwa mezani inafanya vivyo hivyo, kwa sababu ileile, ila kwa ukali wa kutisha. Kiowevu kinapokauka kwenye kitundu, uso wake unapinda ndani na kuzivuta kuta zije pamoja. Kadiri kitundu kilivyo chembamba, ndivyo mvuto unavyokuwa mkubwa. Maji katika kitundu chenye nusu kipenyo cha nanomita 5 huvuta kuta kwa shinikizo la takriban megapaskali 29, kama mara 280 ya shinikizo la hewa tunayoishi ndani yake. Kuta zenyewe zina unene wa chembe chache. Zinaanguka, zinagusana, zinaungana, na ule uso uliojengwa kwa wiki nzima unajifunga. Kinachobaki ni punje ngumu, nzito, zilizosinyaa. Punje hizo nazo zina matumizi yake, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu tunavyovikuta ndani ya maboksi ya viatu ni silika iliyokaushwa kwa namna hiyo, ila kitu kilichokuwamo ndani ya jeli kimepotea.

Mwanakemia Samuel Kistler alikuwa katika Chuo cha Pasifiki, mjini Stockton, California, alipojiuliza swali ambalo kwangu ndilo lenye heshima kubwa katika historia yote ya jambo hili: je, mifupa ya jeli ina uhai wake, au inasimama kwa sababu tu kiowevu kinaishikilia? Jibu la kweli lingepatikana kwa kukitoa kiowevu chote na kuingiza hewa mahali pake, bila mifupa kujua kwamba kuna kilichobadilika. Na adui anajulikana, ni ule uso uliopinda kati ya kiowevu na hewa. Basi kauka bila kuwa na uso.

Linaonekana kama fumbo, lakini maumbile yana mlango wake. Charles Cagniard de la Tour aliuona mwaka 1822 alipopasha viowevu ndani ya vyombo vilivyofungwa, na Thomas Andrews akaupima kwa makini katika miaka ya 1860 akitumia kaboni dioksidi. Kiowevu kikipashwa ndani ya chombo kilichozibwa, kinatanuka na kuwa chepesi, na mvuke ulio juu yake unabanwa na kuwa mzito. Vinakaribiana. Kwenye halijoto fulani vinalingana kabisa, na ule mstari uliokuwa unavitenga, unaoonekana kwa macho kupitia kioo kinene, unafifia na kutoweka. Kuanzia hapo hakuna kiowevu wala mvuke, kuna kitu kimoja kilichojaa chombo chote. Ukikiachia kitoke polepole huku joto likiwa juu, kitatoka kama gesi, na hakuna wakati hata mmoja ambapo uso uliopinda ulikuwapo wa kuvuta ukuta wowote.

Kistler alianza na maji na akashindwa, kwa kuwa maji yenye joto hilo, zaidi ya nyuzi 370, yaliiyeyusha silika yenyewe. Akabadilisha maji kwa alkoholi na kurudia. Safari hii alipofungua chombo alikuta jeli imesimama kwa ukubwa wake wa awali, imejaa hewa. Alichapisha habari hiyo katika jarida la Nature mwaka 1931. Wala hakuishia kwenye silika: alitengeneza erojeli za alumina, za oksidi ya tungsteni, za oksidi ya bati, hata za ute wa yai. Swali lake lilikuwa limejibiwa kwa kila kitu alichoweza kukigandisha. Mifupa inasimama yenyewe.

Alkoholi ya moto chini ya shinikizo ni kitu cha kuogopwa. Mwaka 1984 kiwanda kimoja cha erojeli kule Sweden kililipuka baada ya methanoli kuvuja. Mwaka uliofuata watafiti wa Berkeley, California, walichapisha njia ya kuiondoa alkoholi kwa kaboni dioksidi iliyo katika hali ya kiowevu, ambayo mlango wake uko kwenye nyuzi 31 tu, joto la mchana wa kawaida Dar es Salaam, na shinikizo la kama mara 73 ya hewa. Haiwaki moto. Ndiyo inayotumika sana maabara leo: jeli iliyolowa etanoli inafungiwa ndani ya chombo cha chuma, kaboni dioksidi inapitishwa kwa masaa au siku mpaka etanoli yote itoke, chombo kinapashwa kidogo kupita nyuzi 31, kisha vali inafunguliwa kidogo mno na gesi inaachwa itoke kwa muda mrefu. Anayekosa subira akafungua vali kwa nguvu anapasua kila kitu, maana gesi iliyo ndani kabisa inahitaji muda wa kutafuta njia.

Ziko njia nyingine za kupata vitundu, kama kuijenga oksidi kuzunguka molekuli ndefu za sabuni kisha kuichoma sabuni na kuacha mashimo yaliyopangika kwa safu. Ni kazi nzuri, yenye vitundu vinavyolingana kuliko vya erojeli. Mimi bado moyo wangu uko kwa Kistler.

Uso huo unapimwaje, kama hauonekani? Kwa kuufunika na kuhesabu kifuniko. Unga unapashwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa ili uachie unyevu na uchafu wote, kisha unapozwa kwa naitrojeni iliyo katika hali ya kiowevu, nyuzi 196 chini ya sifuri. Gesi ya naitrojeni inaingizwa kwa vipimo vidogo, na molekuli zake zinatua kwenye kuta. Kila molekuli hufunika eneo la nanomita za mraba 0.162. Brunauer, Emmett na Teller walionyesha mwaka 1938 namna ya kujua ni gesi kiasi gani imekaa kwenye tabaka la kwanza, kabla molekuli hazijaanza kupandiana migongoni. Zidisha idadi kwa eneo, umepata uso. Hadi leo wanakemia hutaja kipimo hicho kwa herufi za mwanzo za majina yao watatu, na hakuna anayeamini namba ya uso isiyotoka huko.

Baada ya yote hayo bado kuna mtihani, nao ni moto. Oksidi nyingi zikitoka kwenye jeli hazijajipanga kuwa fuwele, na kazi inayozingoja mara nyingi ni ya joto kali. Ukizichoma, atomu zinapata nafasi ya kuhama, na zikihama kokote zinahama kwenda kupunguza uso. Alumina ndiyo mvumilivu wao. Umbo lake liitwalo gama linaweza kubaki na mita za mraba 200 kwa gramu baada ya kuchomwa nyuzi mia kadhaa. Lakini ikivuka nyuzi 1,100 hivi, inajipanga upya kuwa alfa, ambayo ndiyo ile ya vito vya yakuti, na uso wake unaporomoka chini ya mita za mraba 10. Imekuwa ngumu na kamilifu, na kwa kazi yetu haifai tena. Wahandisi waligundua kwamba kutia kidogo oksidi ya lantani kunaichelewesha alumina isifanye hivyo.

Alumina hiyo yenye lantani huenda umeipita leo asubuhi barabarani. Chini ya gari la petroli, kwenye bomba la ekzosi, kuna kopo ambalo ndani yake mna kauri yenye matundu mengi yaliyopangana, na mafundi wa Tanzania huyaita masega. Kauri yenyewe haina uso wa maana. Kuta za kila tundu zimepakwa tabaka jembamba la alumina ya gama, na ndani ya vitundu vya alumina hiyo zimetawanywa punje za platini, paladi na rodi zenye upana wa nanomita chache. Moshi wa injini unapita hapo kwa muda mfupi sana, na katika muda huo kaboni monoksidi inageuzwa kuwa kaboni dioksidi, mabaki ya petroli yanamaliziwa kuungua, na oksidi za naitrojeni zinarudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Bila uso wa alumina, punje zile zingekusanyika na kuwa mabonge machache, na kazi ingekwama.

Uso huo una adui mwingine, risasi. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, nayo iliifunika alumina na metali zake hadi zikafa, kwa hiyo masega yasingeweza kufanya kazi katika nchi zetu mpaka petroli ibadilishwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza mwaka 2021, na tangazo la kufunga ukurasa huo lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi.

Sasa magari yanaingia bandarini yakiwa na masega yake, halafu mengi yanang'olewa. Wapo wanaoyatoa kwa kudhani gari litapata nguvu, na wapo wanaoyatoa kwa sababu kuna anayeyanunua kwa ajili ya ile platini. Bomba linaunganishwa tena kwa kuchomelea, gari linanguruma zaidi, na moshi wote unakwenda kwa muuza mahindi aliyekaa ukingoni mwa barabara. Kama masega yako kweli yameziba, tafuta chanzo cha kuziba, ambacho mara nyingi ni injini inayounguza oili au plagi mbovu, kitengenezwe hicho. Fundi akikuambia dawa ni kuyatoa, mkatalie.